Mkono Chini ya Leso Nyeupe

Mkono wangu wa kulia ulivimba kuanzia bega hadi vidole mwezi mmoja kabla ya kumwoza Nisma, binti yangu wa pekee. Wa kushoto ulikwisha kazi zamani, mshipa wake uliganda. Huu wa kulia ndio ulioniweka hai: madaktari waliunganisha humo mishipa miwili, na mara tatu kwa wiki, hapa Mahalla, nilidungwa sindano mbili, mashine ikanisafishia damu.

Mshipa ule ulivuma. Kila asubuhi Nisma aliulazia sikio na kusema, "Kinu kinasaga, baba!" Nami nilijua siku hiyo nitaimaliza.

Dokta Shahira hakunificha. "Ami Sidqi, mshipa mkubwa wa kifuani umesinyaa. Ule mpira tuliokutia shingoni mwanzoni uliacha kovu. Damu inaingia mkononi, haina pa kutokea. Jumapili nenda Kairo wakautanue kwa puto. Mpaka hapo usiubane na kitu, hata saa usivae. Ukiganda huu, sina pengine pa kukudunga. Shingo imeziba kote."

"Nimesikia, binti yangu," nikasema. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ndoa ilikuwa Alhamisi, siku tatu kabla ya hiyo Jumapili. Kwetu baba wa bibi harusi hushikana mkono wa kulia na mkwe, shekhe akaifunika mikono kwa leso nyeupe, watu wote wamewatolea macho. Na mama wa bwana harusi, Sitti Kawthar, alikwisha muuliza mke wangu, "Huo ugonjwa wa mzee, watoto hawaurithi kweli?"

"Mpe ndugu yako Fathi uwakala, amwoze yeye," mke wangu Inshirah akaniambia. "Kuna aibu gani?"

"Kwani mimi nimekufa? Fathi ndiye aliyemzaa?"

"Hujafa, ila unakitafuta kifo kwa tochi, mbishi we!"

Alhamisi nikajifungia bafuni. Nikauzungushia mkono bendeji ya kuvutika, kutoka kifundo hadi begani, nikaikaza kwa meno mpaka mkono wa koti ukapita. Kiganja kilibaki kimevimba, lakini hicho kingefunikwa na leso. Nilijiona mjanja.

Shekhe wetu anapenda kipaza sauti kuliko anavyompenda mkewe. Pale msikitini alihutubu, akahutubu, mimi nimemshika mkwe wangu Wagdi mkono, vidole vimekufa ganzi. Mwishowe nikatamka, "Nimekuoza binti yangu," na sauti haikutetemeka. Sitti Kawthar mwenyewe akapiga vigelegele. Naapa, kwa dakika ile nilikuwa mzima.

Kisha nikaenda penye mabomba ya udhu, nikavua koti, nikaifungua bendeji. Nikaweka sikio. Kimya. Nikapapasa, mshipa mgumu kama kamba. Nikaumwagia maji ya moto, nikausugua, nikaupiga, nikausihi kwa jina la Mungu. Nikalia peke yangu, mtu mzima na ndevu zangu. Jumamosi ilikuwa siku yangu ya mashine, na hapakuwa tena mahali pa kutia sindano. Hakuna aliyenifanyia hayo. Nilijifanyia mwenyewe, kwa ajili ya macho ya Sitti Kawthar.

Nilipoisokomeza bendeji mfukoni, nikalivaa koti kwa shida na kutoka, ngoma na zumari zilikuwa zimepamba moto mlangoni, gari la maharusi linangoja. Nisma akanijia mbio na shela lake.

"Baba, nikusikilize kabla sijaondoka."

Sikupata hata nafasi ya kukataa. Alikwisha laza sikio kwenye mkono wa koti, taji lake likinichoma shavu. Akainua kichwa, amekunja uso.

"Sisikii kitu."

"Ni hizi ngoma, mwanangu."

"Kweli, zinatoboa masikio!" Akacheka. "Basi nitakuja kukusikiliza Jumamosi."

"Njoo Jumamosi."

Inshirah alikuwa amesimama nyuma yake. Aliiona ncha ya bendeji inaning'inia mfukoni mwangu, akanitazama usoni, akajua. Akaupeleka mkono mdomoni. Kisha, Nisma asije akageuka, akapiga vigelegele.