Elihanani Amelala Babeli

Mimi ni Elyasafu bin Zabadi bin Hashumu, wa zamu ya Yakimu, makuhani waliohudumu madhabahuni bila doa tangu wazee wetu waliporudi kutoka uhamishoni. Katika ukoo wetu hapana aliyeuza haki mlangoni pa mji, wala aliyepunguza fungu la yatima. Babu yetu mkuu, Elihanani mwonaji, alizikwa ugenini Babeli, na jina lake halikutajwa nyumbani kwetu ila kwa kuinamisha kichwa. Wajukuu zangu, mmeniuliza kwa nini gombo lililoandikwa na baba yangu mdogo linaitwa maono ya Elihanani. Ketini.

Mwaka ule mfalme wa Wayunani alipiga marufuku Sabato na tohara, na damu ya nguruwe ikamwagwa juu ya madhabahu. Aliyekutwa na maandiko aliuawa mbele ya mlango wake. Tulisali kwa kunong'ona hata mchana. Manabii walikuwa wamenyamaza zamani, wala hapana aliyethubutu kusema neno la mbinguni kwa jina lake mwenyewe. Ndipo baba mdogo Shemaya, mwandishi, akaanza kuandika aliyoonyeshwa: nguruwe mwitu mwenye meno ya shaba alivunja ukuta wa shamba la mizabibu, akala, akalewa, mpaka Mwenye shamba akaja na moto. Juu ya gombo aliandika jina la Elihanani, kama ilivyo desturi. Maono ni ya wa kale. Sisi ni mikono tu.

Asubuhi moja tukasikia viatu vya askari kwenye mawe ya uchochoro. Baba mdogo alikuwa na wino vidoleni. Mkewe, Mehetabeli, alimshika mikono akaitumbukiza katika karai la maganda ya komamanga, rangi ya kutilia ngozi.

"Unaniunguza, mwanamke!"

"Nyamaza, utiwe rangi uwe hai."

Mlango ukapigwa teke. Aliingia jemadari, na pamoja naye mkalimani, Dositeo, kijana wa jirani yetu, aliyekwisha kunyoa ndevu na kuvaa kofia ya Kiyunani. Askari mmoja alipekua pipa la shayiri akatoa gombo.

Jemadari akauliza, Dositeo akafasiri: "Mzee Shemaya, anataka kujua nani ameandika hiki."

"Matanya," akasema baba mdogo, akimwita Dositeo jina alilopewa na mamaye, "mama hajambo? Bado anakulilia?"

"Jibu ulichoulizwa, mzee. Nakusihi."

"Ni maneno ya Elihanani."

"Anauliza anakaa wapi."

Baba mdogo hakupata kusema uongo maisha yake yote. Nikaona jasho likimtoka puani. "Elihanani amelala Babeli," akasema.

Dositeo alijua. Nani asiyejua kwamba kwetu aliyekufa husemwa amelala na baba zake? Neno moja tu, "amekufa", na jemadari angeuliza ni mkono gani basi uliotia wino ambao haujakauka. Dositeo alitazama karai, akatazama vidole vyekundu. Kisha akafasiri lile neno kama lilivyo, la kitanda na mto.

Jemadari akacheka. "Mwambie tutamwamsha kwa mjeledi. Na haya yanahusu nini?"

Dositeo akasoma kimya. "Mambo ya shamba, bwana. Nguruwe wanawaharibia mizabibu."

Jemadari alilitupa gombo chini, akatoka. Dositeo akabaki nyuma kidogo.

"Mzee, mpunguze meno huyo nguruwe. Hata kipofu atamtambua."

"Siwezi, mwanangu. Ndivyo alivyo."

Kabla ya mavuno ya zeituni mkalimani mwingine alimfunulia jemadari maana ya kulala. Matanya akakamatwa. Nilikuwa sokoni walipomleta uwanjani, nami sikuweza kukimbia wala kufumba macho. Walimpiga wakimuuliza ni mkono wa nani. Akasema, "Nilikwisha sema. Elihanani." Walimuuliza tena, naye akajibu yaleyale, mpaka hakujibu tena. Tangu hapo kila nilipopita uchochoroni nilisikia viatu nyuma yangu, nami nilipogeuka hapakuwa na mtu.

Tulipokwisha kumzika, baba mdogo alikaa akaandika maneno ambayo baba zetu hawakuyasema waziwazi: kwamba waliolala wataamka, na mwenye majina mawili ataitwa kwa lile alilopewa na mamaye.

Wafalme wengine watakuja, nanyi mtasikia viatu hivyo. Kwa hiyo nawaamuru: mtakaponakili gombo hili, msitie humo jina la Shemaya, wala langu, wala lenu. Na wewe unayesinzia hapo nyuma, inua kichwa unisikie. Mkiulizwa nani ameandika, jibuni kwamba Elihanani amelala Babeli, na sauti zenu zisitetemeke.