Benchi la Korido

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Manyunyu tangu alfajiri, na upepo mwepesi uliogongagonga madirisha ya ofisi ya vyeti.

Karani mzee, ambaye wenzake walimwita Mwanafunzi kwa kuwa alianza masomo ya jioni akiwa na miaka hamsini na mbili, alisali kimya, kisha akawasha kompyuta. Upauzana wa kivinjari ulikuwa na vitufe chungu nzima asivyovitumia, ukimbania nafasi ya kusoma fomu. Basi akafungua faili la CSS, lile linalopanga sura ya kivinjari, akaandika kama alivyofundishwa jana yake: upau usionekane, wala nafasi yake isibaki. Akahifadhi.

Upauzana ukatoweka. Benchi la korido nalo likatoweka, pamoja na watu kumi na mmoja waliolikalia. Ukuta ukasogea kuziba pengo.

Sauti zilibaki. Mtu alimwomba jirani yake amtolee kiwiko mbavuni.

"Mwanangu," ikasema sauti ya shangazi yake Mwanafunzi, mmoja wa waliokalia benchi, "umetuficha tu. Hatujaondoka."

Shangazi alisubiri cheti cha kuzaliwa tangu mwaka jana. Bila hicho asingefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho Alhamisi, na daktari wa macho alikuwa akihama Ijumaa. Cheti kilishaandikwa; kilikosa sahihi tu.

Mwanafunzi alishika kipanya aufute ule mstari. Mkuu wa ofisi akatoka, akaitazama korido nyeupe pe, akaelezwa habari ya ule mstari, akaridhika. Alisema miaka yote amehangaika na msongamano, kumbe dawa anayo mzee wake humu humu ndani. Mstari usiguswe mpaka wakaguzi wapite Ijumaa.

Mwanafunzi akamwekea cheti mbele yake.

"Siwezi kumsainia mtu nisiyemwona, mzee wangu."

"Alipoonekana pia hukusaini, mkuu."

Makarani wengine wakainamia mafaili yao. Shangazi, kwa upole, akataja tena siku ya upasuaji. Mkuu akakohoa kidogo, akauelekea ukuta.

"Kesho asubuhi nitasaini. Naahidi mbele ya wote."

"Jamani, mmesikia?" shangazi akauliza.

"Tumesikia," wakajibu wale kumi kutoka ukutani, kwa sauti moja, kama walivyozoea kujibu kila Jumanne.