Herufi Mbili za Bwana Darwesh

Mume wangu Darwesh alifanya kazi ya kupanga barua posta miaka thelathini na mmoja, na ukimuuliza atakwambia kwamba hakuna barua iliyopotea mikononi mwake. Sibishi. Lakini ziko fedha zilizopotea mikononi mwake nusu mwezi mzima, tena fedha zangu, tena za Hijja, na kisa hiki nakisimulia mwenyewe kwa sababu yeye akikisimulia hukifupisha.

Ilikuwa Septemba mwaka 2004. Binti yetu Hind, muuguzi huko Maskati, alikuwa amekusanya ada yangu ya Hijja yote. Darwesh alikwisha kuhiji zamani na marehemu baba yake, na siku hizi magoti hayamruhusu hata kupanda ngazi za nyumba yetu ya Kikwajuni bila ya kupumzika. Maharimu wangu, yaani mwanamume wa kunisindikiza, alikuwa kaka yangu Amour, naye alikuwa keshalipa. Amour alikuwa na miaka sabini na mmoja na kifua kibovu. Kama si mwaka huu, sikujua nitakwenda na nani mwaka mwengine. Bi Mwanapili, aliyekuwa akiwasimamia wanawake wa kundi letu, alishatwambia wazi: mwisho wa malipo ni Alhamisi ya tarehe thelathini, saa sita mchana. Ikipita hapo, nafasi anapewa anayefuata katika orodha ya wanaongoja.

Hind akapiga simu kusema kwamba benki ya kule inataka nambari ya swifti ya benki yangu, ndipo fedha zijue njia. Darwesh akasikia neno njia.

"Hiyo kazi ya anwani," akasema. "Niachieni mwenyewe."

Akavaa kofia yake akaenda Malindi, kwenye Benki ya Mwambao ninakoweka vijisenti vyangu vya ushoni. Akarudi na kikaratasi kilichoandikwa MWABTZTZ. Akakiweka juu ya meza, akavaa miwani, akakitazama kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyechelewa kuletwa.

"Nambari gani hii isiyokuwa na nambari hata moja?"

"Kwani aliyekupa kasemaje?" nikamuuliza. Nilikuwa nachagua mchele.

"Kasema ni herufi nane, nzitume kama zilivyo. Lakini tazama wewe mwenyewe, Mama Hind. TZ, halafu tena TZ. Tanzania mara mbili, Zanzibar hata mara moja."

Ni lazima nieleze hapa, maana bila ya haya utamwona mume wangu mjinga, na mjinga si yeye. Siku za kazi yake, mtu wa ng'ambo akisahau kuandika Zanzibar juu ya bahasha, barua ilikuwa ikienda Dar es Salaam kwanza, ikaja kwetu kwa meli baada ya wiki tatu, na mwenye harusi keshaoa. Darwesh aliziona barua za namna hiyo kwa maelfu. Alikuwa akiwaandikia watu asiowajua, kwa stempu za fedha zake, kuwasihi wasiache neno Zanzibar. Kwake yeye anwani isiyo na Zanzibar ni mtoto asiye na jina la baba.

Basi mimi nikaendelea na mchele wangu, na yeye akachukua simu, akamwandikia Hind kwa kidole kimoja. Sikumuuliza kaandika nini. Kosa langu mimi ni hilo tu.

Hind alituma fedha Jumatano. Akatwambia siku tatu, nne kwa wingi. Siku nne zikapita, zikawa saba. Kila asubuhi Darwesh alikwenda benki na kila asubuhi alirudi na neno moja, "Hazijaingia," na mtu mpya wa kumlaumu. Siku ya kwanza alikuwa karani wa Malindi. Siku ya pili, watu wa Maskati. Siku ya tatu zilikuwa kompyuta, zote za dunia nzima. Amour akaja kunipoza, akanambia subira huvuta heri. Nikamjibu kwamba subira ninayo tangu sijamwachisha Hind ziwa, na heri bado inavutwa.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nikiogopa. Nilikuwa nimekwisha kushona nguo mbili nyeupe na kuzikunja, na nikawa siwezi kulifungua kabati lile.

Jumapili alasiri, tunakunywa chai, Darwesh akasema bila ya kunitazama, "Pengine mwaka huu hujaitwa, Mama Hind. Mtu haendi kule mpaka aitwe."

Nikaweka kikombe chini. Maneno yale yaliniuma kuliko siku zote zile za kungoja, kwa sababu nami nilikuwa nishaanza kuyawaza. Asubuhi yake nikavaa buibui, nikamwomba simu yake, akanipa shingo upande, nikaenda Malindi mwenyewe.

Kwenye dirisha la fedha za nje alikaa binti mmoja, Mwanakheir, ambaye mama yake nilisoma naye chuo cha Kurani.

"Shikamoo Bi Rawiya."

"Marahaba, mwanangu. Nieleze hii nambari ya swifti. Nieleze kama unamweleza mtu asiyejua, kwa sababu sijui."

Akacheka kidogo, akachukua kalamu, akaandika zile herufi nane kwa nafasi nafasi. Herufi nne za mwanzo, akasema, ni jina la benki: MWAB, Mwambao. Mbili zinazofuata ni nchi. Mbili za mwisho ni mahali yalipo makao makuu. Benki nyengine huongeza tatu zaidi za tawi, lakini yao haina.

"Kumbe ni kama majina yetu," nikamwambia. "Jina lako, la baba, la babu."

"Hasa. Na ukimbadilisha mtu baba, huyo si yeye tena. Hind aliandikiwa vipi?"

Nikampa simu. Akautafuta ujumbe aliouandika Darwesh, akausoma, akauma mdomo wa chini kwa heshima zake zote.

"Bi Rawiya, hapa mahali pa nchi pameandikwa ZA."

"Ndiyo. Zanzibar."

"ZA si Zanzibar, mama yangu. ZA ni Afrika Kusini."

Nikatafuta kiti. Niliwahi kuota niko Makka, niko Madina, na mara moja niko Maskati kwa Hind. Afrika Kusini sijapata kuiota.

"Fedha zangu ziko huko?"

"Haziko. Hakuna benki yenye anwani hii popote duniani, kwa hivyo hazina pa kwenda. Zimekwama kule kule zilikotoka. Hind aende benki yake kesho, awape herufi sahihi."

Sijui nieleze vipi jinsi kifua kilivyofunguka. Hazikuibiwa, hazikuliwa. Zilikuwa zimesimama mlangoni zikingoja kuambiwa njia. Kabla sijaondoka nikamuuliza swali moja zaidi, na hilo halikuwa langu.

"Na Zanzibar iko wapi humu?"

Mwanakheir akaigeuza karatasi, akaandika nambari ya akaunti yangu, akazizungushia duara tarakimu tatu za mwanzo. "Hii hapa. Hili ndilo tawi letu. Zile herufi zinaifikia benki. Nambari hizi ndizo zinazokufikia wewe."

Nikampigia Hind pale pale, nikamtajia herufi moja moja, akazirudia. Halafu nikaenda nyumbani nikiwa na maneno ya kumwambia Darwesh ya kutosha safari ya kwenda Makka na kurudi.

Nilimkuta anasikiliza redio. Nikaizima.

"Baba Hind, una jamaa gani Afrika Kusini?"

"Sina."

"Basi umewapelekea watu usiowajua Hijja yangu."

Nikamweleza yote. Karatasi ya Mwanakheir nikamwekea mapajani. Nikamalizia na lile lililokuwa likinichoma: "Kuitwa nimeitwa. Wewe ndiye uliyekosea anwani."

Aliitazama ile karatasi, akasema taratibu, "Miaka thelathini na mmoja." Sauti yake ilikuwa ndogo, na hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nikamwonesha zile tarakimu tatu ndani ya duara.

"Zanzibar hii hapa. Hawajaisahau."

Akaziwekea kidole, moja moja.

Alhamisi saa nne u nusu simu ikalia. "Bi Rawiya, zimeingia," akasema Mwanakheir, na mimi nikakaa chini kizingitini nikalia mbele ya wapita njia, al-hamdulillahi, bila ya haya yoyote. Saa tano na robo nilikuwa kwa Bi Mwanapili. Alinipa risiti, akanipa na kadi ya kuvaa shingoni, ya kuandikwa jina na nyumbani kwa mtu, ili akipotea kwenye umati arejeshwe kwao.

Darwesh akaiomba aiandike yeye. Nikampa, ingawa moyo ulisita. Akakaa mezani na miwani yake. Akaandika jina langu, la baba yangu, la babu yangu. Akaandika Kikwajuni. Akaandika ZANZIBAR kwa herufi kubwa, akapigia mstari kama alivyopiga mistari maisha yake yote. Kisha kalamu ikasimama juu ya kadi. Nikadhani kamaliza. Akaishusha, akaongeza pembeni, taratibu, herufi mbili: TZ.

"Leo imekuwaje?" nikamuuliza.

Akaipuliza kadi wino ukauke, akanivisha shingoni kwa mikono yake.

"Nataka urudi," akasema.