Beseni la Piano

Mkasi ulikuwa mezani tangu asubuhi, kando ya bakuli la sukari. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili, theluji imejaa mji mzima wa Milwaukee, Marekani, nami nina miaka kumi na moja. Nywele zangu zilikuwa zikikatika kama tambi kavu, na mama alikuwa amechoka kuzifagia. Alisema atazikata zote, zianze upya. Nilikuwa nimelia mpaka sauti ikanikauka.

Si kwamba hakuzihangaikia, maskini. Kila siku alinipaka mafuta hadi foronya ikang'aa. Kila Jumamosi alizinyoosha kwa kitana cha moto, na kuanzia hapo maji yakawa adui. Mvua ikidondoka, nilikimbizwa ndani kama nguo zilizoanikwa. Kuosha kichwa ilikuwa mara moja kwa mwezi, maana zikilowa tu zinajikunja, kazi yote imekwenda bure. Ndivyo alivyolelewa yeye, na mama yake kabla yake.

Aliyeniokoa wala hakuja kwa ajili yangu. Bwana Tolliver, fundi wa piano tuliyesali naye kanisa moja, alikuja kutazama piano ya marehemu bibi, iliyokuwa imepata ufa. Alipiga magoti, akapapasa ubao, kisha akachungulia beseni la maji ya kulainisha hewa, lililokaa juu ya chuma cha kupashia nyumba joto.

"Dada Vernell, hili lina muda gani bila maji?"

Mama akasema hakumbuki, ila piano anaipaka nta kila wiki, ajionee mwenyewe inavyong'aa.

"Naona. Lakini joto hili linafyonza maji ya kila kitu. Mbao inataka maji kwanza, nta inayazuia yasitoke. Sasa kama hayamo, inazuia nini?"

Haki ya Mungu sikukusudia utovu wa adabu. Neno lilinitoka tu.

"Na kichwa changu je, mama?"

Bwana Tolliver akainamia vyombo vyake ghafla. Mimi nikasubiri kofi. Mama akaja, akashika msuko wangu mmoja, akausugua taratibu kwa vidole karibu na sikio lake. Ulilia kama majani makavu.

"Hebu njoo jikoni," akasema.

Aliniinamisha kwenye sinki, akanimwagia maji ya vuguvugu kikombe kwa kikombe. Yalipofika kwenye ngozi nilicheka peke yangu. Akazipaka nywele mafuta zikiwa bado zimelowa, akanisuka misuko sita, akanifunga kitambaa. Sebuleni piano ilikuwa inarudiwa na sauti yake.

Kesho yake kanisani kina mama walinitazama mara mbili mbili, nywele zangu zimejikunja mchana kweupe. Mama alipita katikati yao kanishika mkono. Kufika Pasaka, alipofagia jikoni alikuta makombo ya mkate tu, na mkasi ulikuwa umerudi kwenye kikapu cha nyuzi zake za kushonea.

Piano sasa iko kwangu. Mama ana miaka themanini na moja, na kila Jumamosi namketisha kando ya sinki nimwoshe nywele. Hulalamika kwamba maji ni ya baridi, hata yakiwa moto. Kisha huegemeza kichwa mkononi mwangu, akafumba macho.