Injini Aliyoifunga Milo

Verna Hruska aliamka amechoka siku ya mbio za magari za mwisho wa msimu, na uchovu wenyewe haukuwa wa kazi. Ulikuwa ule unaomngoja mtu kitandani, ukavaa viatu pamoja naye, ukaketi naye mezani kunywa kahawa. Tangu mumewe Milo afariki mwezi wa pili, moyo ukimsimama akiwa anaondoa theluji mlangoni, uchovu huo haukuwahi kumpa likizo.

Binti yao Renae alikuwa amekwisha kupakia gari kwenye trela. Ndiye aliyeliendesha msimu mzima, namba hamsini na nne, rangi ya bluu iliyofifia kwa kupigwa na udongo. Kila mwaka mbio za mwisho hufanyika mchana, kwa sababu mwezi wa kumi Nebraska jioni hugandisha vidole. Walipofika Uwanja wa Vondra, lori la maji lilikuwa bado linazunguka, na ule udongo mweusi wa mfinyanzi ulikuwa unang'aa kama ngozi ya ng'ombe aliyetoka kuoga.

Verna aliujua uwanja ule kabla hajamjua Milo. Wazee wake walikuwa miongoni mwa wakulima walioukwangua kwa matrekta yao kwenye shamba la Vondra, wakati hakuna aliyeamini kuwa watu wangelipa kiingilio kutazama magari mabovu yakifukuzana. Mafuriko yaliwahi kuufunika ukawa bwawa, na samaki wakavuliwa kwenye kona ya pili. Upepo uliwahi kuling'oa jukwaa na kulilaza kwenye mahindi ya jirani. Kila mara watu walirudi na matrekta yao, wakalalamika, wakatengeneza. Verna alikuwa akiuza viazi vya kukaanga pale, msichana mwenye mikono iliyonuka mafuta, Milo alipokuja kununua mara tatu katika jioni moja na kukiri kuwa hapendi viazi.

Sasa alikuja na kiti chake cha kukunja, akakiweka karibu na uzio wa kona ya tatu, mahali Milo alipopenda kusimama. Hakuja kutazama. Alikuja kusikiliza.

Injini iliyokuwa ndani ya gari lile ilikuwa ya mwisho Milo kuifunga kwa mikono yake. Alikuwa na desturi moja: kila bolti aliyoikaza hadi akaridhika nayo aliipaka tone la rangi ya njano, nusu juu ya bolti, nusu juu ya chuma, ili mtu akiilegeza hata kidogo rangi ikatike na ijulikane. Aliimaliza siku chache kabla ya kufa. Na Verna, ambaye kwa miaka yote ya ndoa alimshikia taa na kumpa spana kabla hajaitaja, hakuruhusu mtu yeyote aifungue.

Fundi yeyote wa uwanja ule angemwambia kuwa injini ya mbio haiendeshwi msimu mzima bila kufunguliwa na kukaguliwa beringi. Verna hakuhitaji kuambiwa. Mwezi wa saba Renae alipoinua spana, mama yake alimshika mkono. Waligombana gereji nzima ikasikia, hadi mbwa akatoka nje.

"Mama, hii ni injini, si kaburi," Renae alisema.

"Na wewe si fundi, ni dereva," Verna akajibu. Siku tatu hawakusemezana ila kwa mambo ya chakula.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo lilimuuma Renae zaidi. Uwanja wa Vondra ulikuwa na kanuni ya kudai. Dereva aliyemaliza mbio katika mzunguko uleule wa mshindi aliruhusiwa kuidai injini ya mshindi na kumpa yake badala yake. Mshindi alikuwa na maneno mawili tu, ndiyo au hapana. Akisema hapana, ushindi ulifutwa, na pointi zake zote za msimu zikaenda nao. Kanuni hiyo ilipitishwa zamani, mwaka ambao mtu mmoja tajiri alileta injini ya bei ya nyumba akaanza kuwafagia wakulima. Aliyesimama kwenye kikao cha madereva akaitetea hadi ikapita alikuwa Milo. Alisema kama mtu anaogopa kudaiwa injini yake, basi aliweka ndani yake kitu ambacho hakikupaswa kuwamo.

Lakini msimu huu Renae alishinda mara nne, na hakuna aliyedai. Watu walikuja, wakampa mkono, wakamtazama mama yake aliyeketi kwenye kiti cha kukunja, wakaondoka. Mwezi wa nane, kwenye foleni ya soseji, Renae alimsikia kijana mmoja nyuma yake akimwambia mwenzake kuwa ile hamsini na nne inaendeshwa na marehemu, nani atathubutu kumdai marehemu. Wakacheka. Renae aliacha soseji yake kwenye kaunta na kurudi garini, na usiku ule akamsimulia mama yake.

Sasa bendera ya kijani ilipepea na magari yakamwagika kwenye kona ya kwanza, yakilalia ubavu, yakitupa udongo hadi juu ya uzio. Verna alifumba macho. Miongoni mwa ngurumo zote aliweza kuitenga moja. Ilikuja, ikapita, ikarudi. Mizunguko ya mwanzo ilikuwa safi. Kisha, Renae alipotoa mguu kwenye mafuta kuingia kona ya tatu, Verna akasikia. Mlio mdogo, mkavu, kama mtu anayegonga mlango asiyetaka kuamsha watoto. Injini ilikuwa inanoki; beringi zilizolika zilikuwa zinagonga ndani.

Angeweza kumwashiria mkaguzi, gari likaitwa nje. Alibaki ameketi, mikono ndani ya koti. Kila mzunguko aliusikia ule mlio, na kila mzunguko uliongezeka kidogo.

Renae alishinda. Nyuma yake, karibu kiasi cha kumgusa, alikuja Delmar Stolz katika gari lake jekundu namba tisa. Delmar alikuwa mzee kuliko madereva wote waliobaki. Alishindana na Milo tangu wote wawili wakiwa na nywele, na mwezi wa pili alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, akiteleza kwenye barafu ya makaburini bila kuliachia. Kwa ushindi huo taji la msimu lilikuwa la Renae, na watu jukwaani walisimama wakapiga makofi yale ya heshima, ya mazishini, ambayo Renae alikuwa ameyachoka.

Magari yaliingizwa kwenye eneo la ukaguzi. Delmar akajitoa polepole kupitia dirishani, akavua helmeti, akaisugua kwa mkono wa shati. Kisha akatembea hadi kwa Gaylen, mkaguzi mkuu, akamwambia kitu kwa sauti ya chini. Gaylen akamtazama. Akamuuliza tena, kana kwamba hakusikia. Makofi jukwaani yalipungua, yakaisha.

Verna alifika pale akihema, kiti kikiwa bado mkononi.

"Delmar ameidai," Renae alimwambia. Uso wake ulikuwa mweusi kwa udongo isipokuwa pale miwani ilipokaa, na haukuonyesha hasira. Kama ulionyesha kitu, ulikuwa kama uso wa mtu aliyelazwa muda mrefu na sasa ameambiwa aketi.

Verna akamgeukia yule mzee. "Ulibeba jeneza lake."

"Nililibeba, shemeji."

"Na leo umekuja kubeba injini yake."

Delmar hakukwepesha macho, ingawa ilionekana angependa. "Binti yako amenipiga mara tano msimu huu. Hakuna mtu mwingine ningemwacha mara tano bila kuidai injini yake. Nikimwacha na leo, hawa wote watasema tulimwachia taji kwa sababu ya msiba. Wameshaanza kusema. Mimi mwenyewe nilianza kusema."

"Kwa hiyo unanifanyia hisani."

"Hapana. Naitaka. Inaniudhi jinsi inavyotoka kona ya nne."

Gaylen alikohoa, akasema kanuni inampa mshindi muda mfupi tu, na muda huo umeanza. Mwenye gari ndiye wa kujibu. Gari lilikuwa kwa jina la Verna.

"Sema wewe, Mama," Renae akamwambia. "Mimi nikisema, nitasema ndiyo, na hutanisamehe."

Verna alilitazama gari. Boneti ilikuwa imefunguliwa, na kwenye moshi mwembamba wa maji na mafuta aliyaona matone ya njano yamejipanga, mazima yote, kama Milo alivyoyaacha. Alifikiri: nikikataa, itarudi nyumbani. Itakaa gerejini imefunikwa turubai, na hakuna atakayeigusa. Na Renae hataendesha tena hapa, kwa sababu nitakuwa nimewaambia watu wote kwamba walichokisema kwenye foleni ni kweli. Akafikiri pia jambo jingine, la ujanja, na akalishika.

"Inanoki," alisema. "Kona ya tatu, akitoa mguu. Beringi zimekwisha. Haijafunguliwa tangu Milo aifunge. Mimi ndiye niliyekataa." Alipokuwa akisema ukweli huo alijua kabisa kuwa anausema kwa matumaini. Delmar hangetaka injini mbovu. Angeachana nayo, ushindi ungebaki, na injini ingebaki.

Renae alimgeukia mama yake. "Uliisikia? Ukaniacha niendelee?"

Verna aliendelea kumkazia macho Delmar.

"Delmar, hujatia sahihi," Gaylen alisema. "Ukitaka kuacha, acha. Hakuna atakayekulaumu."

Delmar alikwangua udongo wa kiatu chake kwenye ukingo wa gurudumu, kiatu kimoja kisha cha pili. Akasimulia, kama mtu anayezungumza na gurudumu, kwamba mwaka ule baada ya mafuriko Milo aliidai injini yake, na yeye akaitoa akijua ina ufa pembeni ya silinda, na hakusema. Alimwacha Milo aipeleke nyumbani. Wiki ile Milo alikuja kwake na chupa ya kahawa, akamwita waende wote gerejini, akamwonyesha ufa ulipo na jinsi ya kuuona mapema siku nyingine. Hakumtajia kabisa kwamba alimdanganya. Wakanywa kahawa.

"Wewe umesema, shemeji. Mimi sikusema," alimaliza. "Naichukua hivyohivyo."

Ujanja wa Verna uliishia hapo. Alisubiri uje mwingine, haukuja. Akakifungua kiti chake cha kukunja katikati ya watu wote, akaketi.

"Ichukue," alisema.

Desturi ya Vondra ni kwamba anayetoa injini huitoa mwenyewe, na anayedai hasaidii hadi iwe imetua kwenye gari lake. Delmar akasimama pembeni, mikono mifukoni. Renae akalala chini ya gari na kuzifungua zile bolti zinazoshikilia injini kwenye fremu, ambazo Milo hakuzipaka rangi. Baada ya muda mkono wake ukatokea chini ya gari, kiganja juu. Verna akainuka, akachagua spana kwenye sanduku, akaiweka kiganjani. Ndiyo iliyotakiwa. Wakaendelea hivyo hadi winchi ilipoivuta ile injini juu, ikining'inia na kuzunguka taratibu, ikidondosha oili kwenye udongo.

Delmar akatoa ya kwake na kuipandisha kwenye trela ya Renae, kama kanuni ilivyotaka, kisha ile ya Milo akaikinga kwa matairi mawili kwenye pikapu yake isigaegae. Kabla hajawasha gari alishusha kioo, akasema ataifungua Jumamosi, na kahawa itakuwepo. Verna akakunja kiti chake. Njiani kurudi, Renae aliendesha bila redio. Walipofika karibu na nyumbani alisema tu kwamba injini ile ingeweza kumpasukia miguuni.

"Najua," Verna alisema. Baadaye kidogo akasema, "Nisamehe."

Renae akabadilisha gia. "Taji litawekwa wapi?"

"Juu ya friji. Lakini kwanza pasafishwe."

Jumamosi Verna alivaa koti la Milo la gerejini, lenye mifuko iliyochanika, akaenda peke yake. Kwenye kiti cha pembeni aliweka ile spana ndefu ya mumewe. Gereji ya Delmar ilikuwa na jiko la kuni na harufu ya paka. Injini ilikuwa juu ya stendi, imesafishwa kwa mafuta ya taa hadi chuma kikaonekana, isipokuwa kuzunguka kila bolti, ambako Delmar alikuwa ameuacha uchafu kwa uangalifu ili rangi isiguswe.

"Sijagusa kitu," Delmar alisema, akammiminia kahawa kwenye kikombe kisicho na mkono.

Verna alikunywa kidogo, akakiweka kikombe dirishani. Akaingiza spana kwenye bolti ya kwanza. Milo alikuwa ameikaza sawasawa. Ilibidi aegemee kwa uzito wake wote, mkono wa pili juu ya wa kwanza, na kwa muda hakikutikisika kitu. Kisha ikalia, mlio mfupi mkavu, na lile tone la njano likakatika katikati.

Alisimama akiitazama. Delmar alijishughulisha na kuni.

"Zipo nyingi," alisema bila kugeuka. "Hatuna haraka."

Verna alipangusa mikono kwenye koti, akahamishia spana kwenye bolti ya pili.