Kinanda Kilichonuka Papa

Kitendawili changu ni hiki: ana makoo mengi na mdomo hana, hula upepo akatapika nyimbo. Kama umewahi kusali kanisani kwetu, hapa kisiwani Mombasa, ushajua jibu. Ni kinanda cha mabomba, kile kilicholetwa kwa meli kutoka Uingereza kabla baba yangu hajaoa. Bomba lake refu kuliko yote lilikuwa kama mnazi mchanga, na fupi kuliko yote kama kidole changu. Chini yake kulikuwa na mvukuto wa mbao na ngozi, mfano wa ule wa sonara, ila huu watu wangeweza kulala ndani. Mume wangu Tsuma, mtunza kanisa, ndiye aliyeuendesha kwa mpini kila Jumapili tangu tuoane. Mkono wake wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto.

Mwaka ule wa tisini na saba, mvua za El Niño zilinyesha mpaka paa la kanisa likashindwa. Maji yaliingia kwenye mvukuto, ngozi ya pembeni ikaoza, ikapasuka. Mwalimu Beryl, mpigaji wetu, alipobonyeza, kinanda kilitoa sauti ya mbuzi mwenye pumu.

Mzee Kenneth, mwenyekiti wa kamati, akamwita Tsuma.

"Mzee Tsuma, kuna kinanda cha umeme tumepewa, chataka nafasi. Hiki cha zamani, mtu wa vyuma chakavu wa Makupa anakitaka. Jumapili kipigwe wimbo mmoja. Kikiufikisha mwisho, tutazungumza. Kikishindwa, Jumatatu lori linakuja."

Tsuma alirudi kwenye vyumba vyetu nyuma ya kanisa, akakaa kitandani na viatu vyake vya matope.

"Mama Sidi," akaniambia, "wakikichukua, mimi nikiamka niende wapi?"

Mtu uliyezeeka naye ukimwona anatazama mikono yake vile, humuulizi kama atakunywa chai. Nilichukua mwavuli, tukaenda Kibokoni kwa Jamaldin, mshona makubadhi ya ngozi.

"Sabalkheri," Jamaldin akasema alipotuona nyuso zetu. "Nani kafa?"

"Bado," Tsuma akajibu. "Ndiyo anakata roho."

Jamaldin alikuja siku ile ile. Mlangoni mwa kanisa alivua viatu, ingawa hakuna aliyemwambia, akaingia tumboni mwa kinanda na kisu chake. Alikata ngozi mpya ya kondoo, akaibandika kwa gundi pembe zote, akatoka na utando wa buibui kwenye kofia.

"Sasa msiiguse. Ngozi yataka jua. Mkiiharakisha, itawaumbua."

Jua tungelitoa wapi? Mvua haikupumzika hata kidogo. Jumamosi ngozi ilikuwa imejikunja kama sikio la punda, ngumu, na ndani bado ina unyevu. Tsuma alivuta mpini, mvukuto ukakataa kuinuka.

Basi akaenda Liwatoni kwa nduguye anayetengeneza mashua, akarudi na mkebe wa sifa. Ni yale mafuta ya maini ya papa, wanayopaka mbao za chombo zisinywe maji.

"Mashua haivuji kwa ajili ya hii," akasema. "Kama maji yanashindwa kupita, upepo utapitaje?"

Kwa mtu aliyezaliwa pwani, maneno hayo hayana kasoro. Mimi nilimshikia mkebe, yeye akapaka. Ngozi ikalainika kama chapati. Tukacheka wawili sisi, mara ya kwanza wiki ile.

Jumapili Jamaldin alikuja mapema kutazama kazi yake. Alisimama mlangoni akaziba pua.

"Bwana Tsuma, mmechinja papa humu?"

Tsuma akamweleza. Jamaldin alifungua kijilango cha nyuma ya kinanda, akaigusa ngozi kwa kidole. Ikabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

"Ndugu yangu, sifa na gundi haziishi nyumba moja. Mafuta yameila gundi yote."

Watu walikuwa wanaingia, wanakung'uta miavuli. Tsuma aliegemea mpini.

"Basi," akasema.

"Si basi," nikamwambia. "Mikono tunayo."

Nikaingia mimi, na Jamaldin akaingia baada yangu, kila mtu akashika pembe yake, kijilango kikafungwa.

"Wakiniuliza Kibokoni nilikuwa wapi," akanong'ona, "nitasema nilikuwa sandukuni."

Wimbo ukaanza. Mvukuto ulipoinuka uliivuta ngozi kutoka vidoleni mwetu. Uliposhuka ulitupulizia upepo wa papa usoni, na nilijua upepo huo huo unapanda kwenye mabomba, unawafikia watu na nguo zao nzuri. Mtu akakohoa. Kisha benchi zima. Mtoto akauliza kwa sauti, "Mama, nani kapika papa?"

Ubeti wa pili, vidole vyangu vikafa ganzi.

"Jamaldin, naachia."

"Usiachie. Kitendawili."

"Sasa hivi?"

"Kitendawili, bibi."

"Tega."

"Namchinja yeye, nalia mimi."

"Sijui. Vidole vyaniuma."

"Basi nipe mji."

"Chukua Liwatoni."

"Liwatoni siitaki, ndiyo ilotuponza."

"Chukua Makupa."

"Kwenye lori? Siendi."

"Haya, chukua Mombasa yote."

"Hapo nimefika. Ni kitunguu."

Ubeti wa mwisho, pembe ya Jamaldin ilifunguka. Akageuka, akaiziba kwa mgongo. Sauti ilishuka, ikapasuka, ikawa kilio, na nje nilimsikia Tsuma akihema kama anayekokota mkokoteni mlimani. Amina ilitoka, lakini ilitoka ikijikokota.

Kijilango kikafunguliwa. Mzee Kenneth, kitambaa puani, alituangalia: mimi na leso yangu iliyolowa mafuta, Jamaldin na kofia imemwangukia begani.

"Na Jumapili ijayo?" akauliza.

"Wataingia tena," Tsuma akasema nyuma yake.

"Na wakifa?"

Mzee Kenneth akatazama juu, maji yalikuwa yanadondokea kwenye mabeseni.

"Hakikufika chenyewe, Mzee Tsuma. Hilo mwalijua. Ila lori haliwezi kuingia uani kwa matope haya. Litangoja mvua ikatike."

Alipoondoka, nilimuuliza Jamaldin ngozi nyingine itataka jua la muda gani.

"Wiki nzima, pengine na zaidi," akasema, na macho yake hakuyainua. Lori lilitaka asubuhi moja tu ya jua.

Jioni Tsuma alipiga magoti kando ya kitanda. Ng'ambo ya kisiwa nyumba zilikuwa zinaanguka kwa mafuriko. Binti yetu Sidi na wanawe walikuwa wanalala darasani, kwao maji yamefika dirishani. Nilimsikia mume wangu akimwomba Mungu mvua isikatike, na mimi, mama yake Sidi, nikaitikia amina.