Nusu ya Juu ya Hati

Simu ya Mzee Pazi ilimkuta Maulida Jumatatu asubuhi akinywa chai nyumbani kwao Magomeni, Bagamoyo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii hati ya Bi Mwanahija mbona imekatika?"

"Imekatika vipi?"

"Juu ipo. Chini kijivu kitupu, kama ukuta uliopigwa lipu."

Maulida akamwambia ni mtandao, asubiri kidogo. Alisema hivyo kwa wepesi, akaendelea na chai yake. Mzee Pazi alikuwa katibu wa ushirika wa wakulima wa mananasi huko upande wa Miono, na kompyuta alianza kuigusa uzeeni. Mara mbili alishawahi kupiga simu kuwa mfumo umekufa, kumbe umeme umekatika.

Hata hivyo akafungua kompyuta yake mwenyewe, akaitafuta hati ile. Ilikuwa kama alivyoambiwa. Kichwa cha hati kilisomeka, majina ya ndugu wawili waliogawana shamba la baba yao yalisomeka, kisha maandishi yakaishia katikati ya mstari na kijivu kikashika hadi mwisho. Akafungua nyingine. Kijivu. Akafungua ya tatu, ya kumi, ya arobaini. Chai ikapoa mezani.

Ule mfumo aliujenga mwenyewe kwa miezi sita. Kwa miaka mingi wanachama waliweka hati zao za mashamba kwenye kabati la mbao ofisini, na mchwa walikuwa wakizila. Maulida alizipiga picha kwa simu yake moja baada ya moja, akazihamishia kwenye kompyuta, kisha akazipandisha kwenye mfumo ili kila picha ikae ndani ya kanzidata, ghala la kumbukumbu la mfumo. Ilifika saa sita mchana ndipo alipoliona kosa, na lilikuwa dogo mno. Nafasi aliyoitenga kwa kila picha ilikuwa kilobaiti sitini na nne, wakati picha za hati zilikuwa kubwa mara mbili ya hapo. Kanzidata ilikuwa imemlalamikia tangu mwanzo. Lakini siku moja kabla ya kuwaonyesha wanachama, akiwa na haraka, aliizima ile sehemu ya ukali inayokataa kitu kisichoenea. Malalamiko yakakoma. Tangu hapo kanzidata ikawa inapokea kinachoenea na kutupa kilichobaki, kimya kimya, na kuweka alama ya kijani kuwa kazi imekamilika. Picha aliyofanyia majaribio ilikuwa yake mwenyewe ya pasipoti, ndogo kama kucha.

Hati elfu moja mia moja na kumi na mbili. Zilizo nzima zilikuwa tisa.

Na kabati halikuwepo tena. Mwezi uliopita Mzee Pazi alimpigia kumuuliza, "Haya makaratasi tufanyeje? Mchwa wameingia hadi kwenye paa." Naye alijibu, "Chomeni tu, mzee. Yote yamo kwenye mfumo." Yakachomwa pamoja na kabati.

Alasiri akaenda mjini kwa Aliasgar, mwenye duka la vifaa vya ofisi, ambaye watu humpelekea kompyuta zilizopoteza kumbukumbu. Picha alizopiga alikuwa amezifuta, kwenye simu na kwenye kompyuta, ili apate nafasi.

"Umeitumia tangu ulipofuta?" Aliasgar aliuliza.

"Kila siku."

Mzee yule alivua miwani. "Basi kila siku umeandika juu yake, binti. Iache hapa. Usiiguse tena, hata kuiwasha."

Jumanne mchana Aliasgar akamwita. Programu yake ilikuwa imefukua picha mia mbili na themanini na sita. Maulida aliinama juu ya kioo akazipitia, akisoma majina kwa sauti ya chini kama anayesoma uradi. Alizipitia mara mbili. Ya Bi Mwanahija haikuwemo.

Jumatano saa nne, Bi Mwanahija alikuwa anatakiwa mbele ya wazee wa baraza la kata. Mumewe, Abuu, alifariki mwaka jana, na sasa shemeji yake Seleman alikuwa akisema shamba halikugawanywa kamwe, kwamba lote ni lake. Hati ile ndiyo iliyokuwa ulimi wa marehemu. Mipaka, saini na majina ya mashahidi vyote vilikuwa nusu ya chini.

Maulida alikwenda Miono asubuhi ile ile ya Jumatano. Mzee Pazi alimvuta ndani ya ofisi, akafunga mlango.

"Kwenye fomu ya kila hati tuliweka sehemu ya mashahidi," Maulida alisema. "Nilikuomba ujaze majina yao."

"Nilijaza."

Maulida aliifungua fomu kwenye kompyuta ya ofisi. Mbele ya neno mashahidi, Mzee Pazi alikuwa ameandika: *wapo*.

Kisha mzee akashusha sauti. "Wewe unaijua kompyuta. Saini ya Abuu ipo kwenye fomu za uanachama. Ya Seleman ipo pia. Si unaweza kuijalizia hiyo hati? Hatusemi uongo, Maulida. Hati ilikuwepo, mimi na wewe tuliiona."

Jambo hilo lingemchukua Maulida dakika ishirini. Aliifungua hata picha ya fomu ya Abuu, iliyokuwa ndogo kiasi cha kuenea nzima, akaikuza saini mpaka ikajaa kioo, mistari miwili na kitanzi cha mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Mipaka je? Angeipata wapi mipaka ya shamba ambalo hajawahi kulikanyaga?

"Siwezi," alisema, akafunga kompyuta.

Barazani alisimama mbele ya wazee watano, Bi Mwanahija upande mmoja na Seleman upande wa pili, akaeleza yote. Mwenyekiti alimsikiliza hadi mwisho.

"Hiyo nusu iliyopotea, wewe uliisoma?"

"Niliipiga picha, mzee. Sikuisoma."

"Unamkumbuka shahidi hata mmoja?"

"Simkumbuki."

Seleman alicheka kidogo, kisha akajizuia. Bi Mwanahija hakugeuka kumtazama Maulida. Wazee wakampa mjane siku thelathini alete mtu aliyeshuhudia mgawanyo.

Nje, Maulida alimfuata. "Bibi, nisamehe. Nitamtafuta mimi."

"Usinishike," Bi Mwanahija alisema. "Mume wangu aliweka karatasi ile pale kwa sababu alikuogopeni nyie wasomi mnaokuja na mambo mapya. Alisema iwekwe kwenye kabati, isitoke. Na mmeitoa."

Maulida alianza kutafuta siku ile ile. Alibisha hodi nyumba kwa nyumba, akauliza nani alikuwa karibu na marehemu Abuu. Wapo waliomkaribisha, na wapo waliomfungia mlango kwa sababu hati zao nazo zilikuwa kijivu. Siku ya kumi na tisa akaambiwa kuhusu mzee Bwanausi, aliyehamia Ubena kwa mwanawe. Alimkuta amelala kitandani, nusu ya mwili imepooza, lakini akili yake nzima.

"Abuu na Seleman? Mimi ndiye niliyeishika kamba ya kupimia," alisema. Maulida akakaa chini sakafuni na kulia mbele yake bila haya.

Walimpeleka barazani kwa gari la kukodi. Bwanausi alishuhudia kuwa shamba liligawanywa, na Seleman hakuweza kumkana usoni. Lakini mpaka ulipita wapi? Alikumbuka mkorosho mmoja. Miaka ilikuwa imepita, na mikorosho ya pale ilishakatwa yote. Wazee walisuluhisha kama walivyoweza. Bi Mwanahija alipata nyumba na upande wa barabarani. Bonde lenye mananasi aliyoyapanda na mumewe kwa miaka tisa wakampa Seleman.

Bi Mwanahija alitia dole gumba chini ya makubaliano mapya. Kisha akamgeukia Maulida kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Hii unipe mimi mwenyewe mkononi," alisema.

Maulida akampa. Mjane aliikunja mara nne, akaitia kifuani ndani ya kanga, akaondoka. Ofisini walikuwa wanangoja wanachama wengine kumi na saba waliokuja kuandikiwa hati upya, kila mmoja na shahidi wake au bila shahidi. Maulida akaketi, akamwita wa kwanza.